Saa ya Kanisa Iliyogeuka Yai

Mkinipigia simu siku hizi, nyinyi vijana wa studio, swali lenu huwa moja: "Mama Zena, picha imevutika, tufanyeje?" Nami jibu langu huwa moja: tafuteni kwanza kitu cha duara. Mnacheka, mnasema mama amezeeka. Sawa, nimezeeka. Ufunguo nimerudisha, kiti changu amekalia mwingine, na mliniomba kabla sijasahau niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi hii. Basi ngojeni niwaambie hiyo habari ya duara ilikotoka, kwa maana ilinikosesha raha kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kushika.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Thika. Baba alikuwa Mnubi, mama Mkikuyu aliyesilimu, na nyumbani tulikuwa tukishona nguo za watu. Kazi ya video sikuisomea. Bwana Muigai alikuwa na studio ya picha mjini, akaongeza na video, na biashara ikamwendea vizuri mpaka alipofika Majengo. Huko harusini wanawake hukaa ndani peke yao, na mwanamume mwenye kamera haingii hata akiwa na barua ya chifu. Akatafuta msichana. Kwa hiyo niliajiriwa kwa sababu ya mlango mmoja ambao yeye asingeweza kuupita, na mkisikia mtu akisema nilipewa kazi kwa kipaji, mwambieni aache uongo.

Siku ya kwanza alinibebesha kamera begani. Zile kamera za zamani zilikuwa nzito, zinakula kanda kubwa ya kaseti, na ukishuka nazo bega moja limeinama kama la mchota maji. Mikono ilinitoka jasho hadi akanipa kitambaa. Akaniambia, "Zena, harusi hairudiwi. Bibi arusi hawezi kuingia kanisani tena kwa sababu wewe umesahau kubonyeza." Tangu siku hiyo sijawahi kutulia harusini. Hata zile nilizoalikwa kula, nilikula nikiangalia kama taa nyekundu ya kamera ya mwingine inawaka.

Somo lake kubwa lilikuwa la ukingo. Alichukua chaki, akachora kisanduku juu ya kioo cha runinga ya studio, ndani kidogo ya ukingo wake. "Hapa ndani ni pako," akasema. "Nje ya hapa ni pa mwenye tivi." Maana yake ni kwamba runinga za wakati ule zilikuwa zinakula picha pembeni, kila moja kwa ulafi wake. Nilimpuuza mara moja tu. Niliandika kichwa cha harusi kwa herufi kubwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mteja wa Makongeni akarudi na kanda yake chini ya kwapa. "Kwa tivi yetu imeandikwa Arusi ya Eter na Grac," akasema. "Mimi naitwa Peter. Huyu Eter ni nani na amemuoa bibi yangu lini?" Bwana Muigai alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba ukishampa mtu kanda, huna habari itaonekana vipi huko iendako, na tumbojoto likanishika ambalo halikuniachia mpaka nimestaafu. Mteja akichukua kanda, nilikuwa nikihesabu siku. Asiporudi, ndiyo shukrani yake.

Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini, kaka yake Bwana Muigai aliyekuwa ng'ambo akamletea kamera ya kidijitali. Haiya! Kakamera kadogo, unakashika kwa mkono mmoja, na kanda yake inatoshea kwenye mfuko wa shati. Picha yake ilikuwa safi mpaka unaona nyuzi za kitambaa. Bwana Muigai hakuruhusu mtu aiguse. Alikaa nayo mlangoni akibonyezabonyeza, na siku moja akaniita kwa furaha. "Angalia hapa ndani!"

Nikaweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia. Picha ilikuwa imepanuka, ina ukanda mweusi juu na mwingine chini, kama vile watu walivyoona kwenye kumbi za sinema.

"Imekuwa pana," nikasema.

"Ndiyo. Huko nje tivi zinapanuka. Sisi tutakuwa wa kwanza Thika."

Hapo niwaeleze, maana nyinyi mmezaliwa runinga zikiwa zimelala kama mbao. Runinga za kwetu wakati ule zilikuwa masanduku. Upana ukiwa nne, urefu ni tatu. Hiyo pana ya ng'ambo, upana ukiwa kumi na sita, urefu ni tisa. Sikuwa najua hesabu hiyo bado, lakini nilijua runinga ya mama yangu ilikuwa na umbo gani.

"Na kwa tivi zetu itaonekanaje?" nikamuuliza.

"Zena, wewe unaogopa hadi kivuli chako. Kamera ni ya Mjapani. Mjapani amefikiria hayo yote."

Kazi ya kwanza ya kamera hiyo ilikuwa harusi ya Wambui, Ruiru. Baba yake, Mzee Karanja, alikuwa na bucha karibu na stendi na alijulikana hadi mtaa wa Kimbo kwa mambo mawili, nyama isiyo na longolongo na mwili mkubwa. Watoto walikuwa wakimwita Lori. Miezi kadhaa kabla ya harusi alikuwa amepatikana na ugonjwa wa sukari, na watu wakaanza kusema amepungua. Siku ile Bwana Muigai alishika kamera, mimi nikashika taa. Nilisimama karibu na mzee huyo wakati akicheza na binti yake, karibu kabisa, hadi jasho lake likanirukia. Alicheza vizuri kuliko vijana. Hilo nililiona kwa macho yangu, mlikumbuke, kwa sababu baadaye nililisahau mimi mwenyewe.

Hatujaanza hata kuhariri, habari ikaja. Mzee Karanja alianguka ndani ya bucha asubuhi akipanga nyama, na kabla hawajamfikisha hospitali moyo ulikuwa umesimama. Akazikwa. Sisi tukaiweka ile kanda kando kwa heshima, tukijua wenyewe watakuja wakiwa tayari.

Mke wake, Mama Wambui, alikuja mapema kuliko tulivyodhani. Alikuwa amefunga leso nyeusi kichwani, akakaa kwenye stuli ya wateja, akakataa chai.

"Zena, ile kanda ya harusi iko tayari?"

"Bado kidogo, Mama. Pole sana kwa msiba."

"Asante. Naitaka Jumamosi. Ukoo wote unakuja kwangu Kimbo, na wakwe wanakuja." Akakunja ncha ya leso. "Wanasema Baba Wambui alikuwa amekanyaga waya."

Sikujua nitazame wapi. Kwa nyinyi mliokuja juzi, miaka ile hakuna neno lililotisha kama "amekonda." Mtu akipungua kilo mbili, majirani wanaanza kuhesabu nguo zake kwenye kamba. Hakuna aliyeutaja Ukimwi kwa jina; ilisemwa tu amekanyaga waya. Na hata mtu angekuwa nao, alikuwa amemkosea nani? Lakini nani angesema hivyo kwa sauti Ruiru wakati ule?

"Nyama inaniozea, msichana wangu," Mama Wambui akaendelea. "Mtu ananipita pale bucha, namwona na macho, anaenda kununua kule mbele. Ati mkono wangu umeshika mgonjwa. Na mama ya bwana ya Wambui amesema Wambui akae kwangu kwanza. Akae mpaka lini? Ameolewa juzi!" Akaifungua ncha ya leso, akaikunja tena. "Basi mimi nimesema, sitabishana na mtu. Nitaweka tivi hapo katikati, wakae, wamwone vile alikuwa siku ya harusi. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Itakuwa tayari, Mama," nikasema.

Alipotoka, Bwana Muigai akaunganisha kamera na runinga ya studio, akaweka kanda. Wambui akatokea akiingia kanisani, mrefu, mwembamba. Nikajiambia mabibi arusi wote hukonda wakikaribia siku. Kisha baba yake akatokea akiwa amemshika mkono.

"Ngai!" Bwana Muigai akasema.

Alikuwa mtu aliyekwisha. Mashavu yamebonyea, shingo ndefu, mabega yamekaribiana, miguu kama ya korongo ndani ya suruali. Akicheka, uso wote unaenda chini. Bwana Muigai akanyoosha mkono akapunguza sauti, kama mtu aliye chumba kimoja na maiti.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Maskini Karanja. Lisemwalo lipo."

Nami nilisema nini? Nilisema, "Maskini." Nilikuwa nimesimama karibu na mtu huyu nimeshika taa, nimemwona kwa macho yangu, na bado niliiamini runinga. Nikaanza hata kukumbuka, oh, siku ile kweli alikuwa anakohoa. Wallahi hakukohoa hata mara moja.

"Tutafanya nini?" nikamuuliza. "Akionyesha hii Jumamosi, amejimaliza mwenyewe."

"Tukate sehemu zake zote."

"Harusi ya binti yake bila baba? Si ndiyo watasema tumemficha?"

"Basi tumpe hivyo hivyo. Sisi si madaktari, Zena."

Akaenda kula. Mimi nilibaki na ile kanda kana kwamba ni mimi niliyeshtakiwa. Nilikuwa nikimwona yule mama ameketi Kimbo kati ya wageni wake, amewasha runinga mwenyewe kwa mkono wake, halafu uso wake unabadilika mbele ya wakwe. Nikatafuta pale ambapo mzee angalau anaonekana vizuri. Akiwa amekaa, ni mwembamba. Akiwa mbali, ni mwembamba. Kutoka pembeni ndipo pabaya zaidi. Nikarudisha nyuma, nikapeleka mbele, mpaka kidole kikauma.

Sikuwa natafuta saa. Kwaya ilikuwa inaimba, na Bwana Muigai, kwa mazoea yake ya kuonyesha ufundi, alikuwa ameinua kamera taratibu kutoka kwa waimbaji hadi ukutani. Pale juu palikuwa na saa ya kanisa, kubwa, ya duara. Nilikuwa nimeitazama siku nzima ya harusi nikiomba ibada iishe kabla betri haijaisha.

Kwenye runinga, saa ile ilikuwa yai.

Nilisimamisha picha, nikasogea hadi pua ikakaribia kioo. Yai kabisa, limesimama wima. Nikaenda kwenye keki, nikaona imekuwa kama mnara. Nikaenda kwenye gari la maharusi, magurudumu yake yote mayai. Halafu nikamwendea pasta. Pasta yule alikuwa na uso wa sinia, Ruiru nzima inajua, na nilikuwa nimekutana naye juzi sokoni akichagua maparachichi, sinia iko palepale. Kwenye runinga hata yeye alikuwa amekonda!

Nikaweka jicho kwenye kitundu cha kamera. Humo ndani, katikati ya ile mikanda miwili myeusi, saa ilikuwa duara na Mzee Karanja alikuwa mtu mzima mwenye nyama zake. Nikatoa jicho, nikatazama runinga, nikaona mgonjwa. Nikarudisha jicho nikaona mzima. Picha ni ile ile, kanda ni ile ile.

Ndipo akili ikanijia. Kamera ilikuwa imechukua picha pana, lakini nafasi iliyo kwenye kanda haikuwa pana. Kwa hiyo ikaibana picha kutoka pembeni ili itoshee, kama unavyokunja godoro ulipitishe mlangoni, ikitegemea kwamba runinga ya huko mbele itaikunjua. Runinga pana ingeikunjua. Sanduku letu halikujua lolote kuhusu kukunjua. Lilionyesha godoro likiwa limekunjwa, na kila mtu akapoteza robo ya upana wake.

Bwana Muigai aliporudi nilimshika mkono wa koti nikamvuta, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. "Si mzee aliyekonda! Tazama saa!"

Akatazama saa. Akatazama pasta. Kisha akavua kofia. "Na mimi nimekaa hapa nikasema lisemwalo lipo," akasema. "Mimi, niliyemshika mkono siku ya harusi."

Mnanijua, huwa simsifu mtu bure, lakini Bwana Muigai akishakubali kosa lake alikuwa na kasi. Alichukua bisibisi ya plastiki, akaenda nyuma ya runinga, akazungusha skrubu ya urefu wa picha. Picha ikaanza kushuka kutoka juu na kupanda kutoka chini, weusi ukiingia huku na huku, mpaka saa ikawa saa. Lakini hiyo ilikuwa runinga yetu. Kanda bado ilikuwa imebanwa, na ingewekwa Kimbo, kisha shangazi angeiazima apeleke Mwihoko, na mimi siwezi kufuata kanda nyumba kwa nyumba na bisibisi. Ilibidi picha inyooshwe kisha irekodiwe upya kwenye kaseti, ikiwa na weusi wake juu na chini, ili runinga yoyote iionyeshe sawa. Bwana Muigai akaenda Nairobi kwa rafiki yake wa kazi, akarudi amekumbatia mixa ya kidijitali, mashine yenye kifundo cha kuzungusha kinachobadilisha upana wa picha na kingine cha urefu.

Sasa balaa ya stima. Kurekodi upya maana yake kanda inacheza yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukatika, na stima ya Thika siku zile ilikuwa inaenda na kurudi kama mgeni asiye na adabu. Mara ya kwanza ilikatika wakati wa hotuba. Mara ya pili tulikuwa tumefika kwenye keki. Nilikaa nimeikazia balbu macho kana kwamba nikipepesa itazimika. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na hatukuwa hata na nusu.

Nikiwa naanza mara ya tatu, Mama Wambui akaingia. Alikuja kuona mwenyewe kabla ya watu, alisema, maana roho yake haikutulia. Sikumficha. Nilimwonyesha kwanza ile iliyobanwa, nikasema haraka haraka hivi ni kamera, Mama, si yeye, tazama saa, tazama pasta. Alishika mdomo. Kisha nikamwonyesha iliyonyooshwa. Nilikuwa nimepima saa kwenye kioo kwa futi yangu ya ushonaji, kushoto kulia, juu chini, sawasawa.

Alisogeza stuli karibu na kioo.

"Ni yeye," akasema. Kisha akainama mbele. "Lakini koti linamwelea."

Ilikuwa kweli. Hakuwa yule mgonjwa wa kwanza, lakini hakuwa Lori pia. Koti lilikuwa la mtu mkubwa kuliko aliyelivaa. Sikuwa nimeliona hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na saa.

Mama Wambui akatazama mkono wangu uliokuwa kwenye mixa. "Msichana wangu, hiyo kitu ukizungusha kidogo zaidi, si ataongezeka?"

Bwana Muigai akageuka akatazama nje. Mimi nikazungusha. Kidogo tu. Picha ikashuka tena, na Mzee Karanja akajaa. Koti likakaa mabegani, shavu likarudi, shingo ikapotea. Lori akarudi, yule wa bucha, na kwa mara ya kwanza Mama Wambui akatabasamu.

Nitawaambia ukweli, nilitaka kuacha hivyo. Nani angejua? Saa ilikuwa imelala kama yai ubavuni, lakini nani Kimbo angetazama saa? Huyu mama alikuwa anapoteza bucha na binti kwa wakati mmoja. Lakini nilikuwa nimemlaumu Mjapani kwa kumpunguza mtu, na sasa mkono uliomwongeza ulikuwa wangu.

Wakati huo mzee kwenye runinga alikuwa anacheza na binti yake, na katikati ya wimbo akafungua koti, akalishika pande zote mbili, akalivuta mbele kuonyesha watu nafasi iliyobaki ndani. Akacheka. Akampungia mtu fulani upande wa kamera, akalivuta tena.

Mama Wambui akasimama kutoka kwenye stuli.

"Ni mimi anaonyesha," akasema polepole. "Mimi nilikuwa hapo nyuma yenu." Akaweka mkono kifuani. "Daktari alimwambia apunguze mwili kama anataka kuona wajukuu. Miezi yote hiyo anakula sukuma wiki bila mafuta, na mimi nakaanga chapati za watoto hapo mbele yake. Nilikuwa namcheka. Namwambia, Baba Wambui, hata usijisumbue, tumbo bado iko. Na siku hiyo akanionyesha, nami nikacheka tu, sikuangalia." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Kumbe ilikuwa inafanya kazi."

Alijifuta kwa leso, akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu wa bucha anayeagiza. "Rudisha vile ilikuwa. Hiyo nyama aliitoa kwa jasho lake. Mimi ni nani nimrudishie?"

Nikarudisha mpaka saa ikawa duara. Stima ikakubali kukaa.

Jumamosi nilipeleka kanda Kimbo mwenyewe, nikakaa chini kando ya deki ya video. Sebule ilijaa, viti vya majirani, wazee mbele, wakwe upande wa dirisha. Mama ya bwana arusi alikaa na mkoba magotini kama mtu asiye na mpango wa kukaa sana. Soda aliyopewa ilikuwa haijafunguliwa. Nilibonyeza kitufe mara mbili.

"Mbona tivi imekatwa juu na chini?" mjomba mmoja akauliza.

"Ni mtindo mpya," nikasema.

Mzee Karanja akatokea. Halafu nikalisikia, kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, neno lile lile nililokuwa nikiliogopa wiki nzima. "Amekonda." Mwingine akaitikia, "Ee, amekonda."

Nilitamani ardhi inimeze. Kama ningekiacha kifundo pale! Mama Wambui akasimama, akaja mbele, akaniambia nisimamishe. Picha ikatulia mume wake akiwa ameshika koti pande zote mbili.

"Ndiyo, amepungua," akawaambia. "Si mmesema? Semeni kwa nguvu. Alikuwa na sukari, daktari akamwambia apungue, akapungua. Hilo koti fundi alitaka kulipunguza, yeye akakataa. Alitaka mwone vile ameshinda. Sasa mwoneni." Akanigeukia. "Zena, endelea."

Nikaendelea. Mzee akacheza, akalivuta koti, akacheka, na wazee wawili wa mbele wakacheka naye bila kutaka. Wambui, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei, akaanza kulia. Mimi nilikuwa natazama upande wa dirisha. Yule mama mkwe hakucheka. Alitazama hadi wimbo ukaisha, kisha akafungua mkoba, akatoa leso, akapangusa mdomo wa chupa yake ya soda, akamwashiria Wambui aje amfungulie. Akanywa.

"Mama Wambui," akaita, na vichwa vikageuka. "Kesho bucha unafungua saa ngapi?"

Mama Wambui akamgeukia. "Saa kumi na mbili."

"Niwekee kilo mbili, na mfupa. Nitakuja mwenyewe nichukue, nikimpitia Wambui turudi naye nyumbani."